Mstari wa Mkwe

Sehemu ya Kumi na Moja

Tulimwacha Anyesi juani, msomaji, amesimama peke yake kati ya mistari miwili ya watu, cheti cha kodi mkononi, kaniki limemfunika uso. Kwako juma zima limepita. Yeye bado hajainua hata unyayo.

"Arobaini na moja upande wa Kengele," alitangaza Akida Abbasi, akigonga meza kwa fimbo yake. "Arobaini na moja upande wa Ngoma. Bado wewe, mama. Simama unapotaka kusimama, mimi niende zangu. Gari la moshi halina shangazi hapa wa kulichelewesha."

Askari wake wawili wakacheka. Watu wa Mgundeko hawakucheka.

Jumbe wao, mkuu wa kijiji, alikuwa amefariki kabla ya mavuno. Boma la Wadachi, lililochoka na kelele za kijiji hiki, lilitoa amri: kila mwenye cheti cha kodi ya nyumba asimame nyuma ya mtu amtakaye, wahesabiwe, jina lipelekwe bomani. Cheti hakikuuliza mume wala mke. Ndiyo maana wajane wawili, Anyesi na jirani yake Zipora, walijikuta na sauti sawa na wanaume.

Sauti hiyo ilikuwa nzito. Jumbe mpya ndiye angetoa majina ya wanaume ishirini wa kwenda kujenga reli ng'ambo ya Dodoma, huko inakoelekea Tabora. Mwaka uliopita walikwenda kumi na wawili. Walirudi watano.

Kengele wakishinda, watakwenda watu wa Ngoma. Ngoma wakishinda, watakwenda watu wa Kengele. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti, na hakuna asiyelijua.

Na mtu wa kwanza ambaye Ngoma wangempeleka alikuwa Methusela, mkatekista, kiongozi wa Kengele. Methusela alikuwa mume wa Loisi. Loisi alikuwa mtoto pekee wa Anyesi, na tumbo lake lilikuwa la miezi saba.

Basi Anyesi aende akasimame nyuma ya Methusela, yaishe. Sivyo?

Sivyo. Methusela alikuwa mkwewe, na hajamfunua.

"Njoo huku kwetu, mama!" mtu mmoja wa Ngoma alipaza sauti. Alikuwa amejipaka udongo mwekundu kwenye paji la uso kama wenzake wote. "Mwanamke mwenye adabu hamkodolei mkwewe macho!"

"Adabu gani?" wakajibu Kengele, kila mmoja na kitambaa cheupe kwenye kifundo cha mkono. "Huyo amebatizwa! Njoo mama, hatua kumi tu!"

"Hatua kumi za aibu!"

"Aibu yenu, msiojua hata Baba Yetu!"

"Kimya!" Akida akapiga meza.

Ilikuwa hivyo tangu mwaka juzi. Mwanzo ulikuwa mdogo sana: kengele ya misheni ilipigwa wakati ngoma ya mavuno inachezwa, wazee wawili wakarushiana maneno. Kisha kisima kikagawanywa. Kisha chumvi. Mwishowe mtoto akizaliwa, watu hawakuuliza ni wa kike au wa kiume. Waliuliza ni wa wapi.

Anyesi na Zipora walibatizwa siku moja, wakasagia jiwe moja miaka tisa. Zipora alikwenda Ngoma kwa sababu hakutaka desturi za mama yake zidharauliwe. Anyesi alikwenda Kengele kwa sababu huko ndiko kulikoahidiwa darasa la jioni. Tangu hapo hawakusalimiana. Kila mmoja alisaga kwake.

Chini ya kaniki jasho lilimtiririka Anyesi shingoni. Aliomba kimoyomoyo. Bwana, niondolee aibu hii. Na kama huiondoi, basi nipe miguu ya kuibeba.

Kisha akasema, "Bwana Akida, naomba kusema neno."

"Sema. Ukisema kwa miguu nitafurahi zaidi."

"Siwezi kusimama nyuma ya mkwe wangu. Hajanifunua."

Akida alikuwa mtu wa pwani. Akawatazama askari wake, akamtazama tena Anyesi. "Hajakufunua nini, mama?"

Hapo hata Ngoma walicheka.

Aliyeeleza ni Matonya, mwenye ng'ombe mia na kitu, ambaye Ngoma walikuwa wamesimama nyuma yake. Alieleza taratibu, kama mtu anayeona ushindi unamjia wenyewe. "Mkwe na mama wa mkewe hawaonani uso, Bwana Akida. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Hawasemezani. Mpaka siku kijana atakapomkabidhi mama mbuzi mbele ya watu. Hapo kaniki linaondolewa, wanasalimiana. Baada ya hapo wanaweza hata kugombana."

"Mbuzi mmoja tu?"

"Mmoja."

"Na huyu ameoa lini?"

"Miaka minne."

Akida akamgeukia Methusela. "Miaka minne umekosa mbuzi, bwana mdogo? Mahari ulilipa kwa kunguru?"

Kweli yenyewe ilikuwa ya uchungu kuliko mzaha. Mbuzi Methusela alikuwa naye. Miaka miwili iliyopita alimfunga kamba, ampeleke kwa mama mkwe baada ya Pasaka. Lakini katika mkutano wa Kengele Mwalimu Bartolomayo alisimama akasema mbuzi wa mkwe ni jambo la Ngoma, na yeyote atakayemtoa si mwenzetu. Wote wakanyoosha mikono. Methusela naye akanyoosha, akarudi nyumbani akamfungua mbuzi kamba.

Sasa mbuzi yule asiyetolewa alikuwa amesimama kati yake na ujumbe.

"Mwambieni mama," Methusela akasema, akitazama chini, maana hakuruhusiwa kumsemesha mwenyewe, "mwambieni mbuzi nitamtoa. Leo. Hapa hapa."

Mstari wa Kengele ukavuma kama mzinga uliopigwa teke.

Bartolomayo akatoka mbele. Alikuwa mwembamba, kola yake imekaa sawa hata katika joto lile, na kitambaa chake cheupe kilikuwa kipana kuliko cha mtu yeyote. "Methusela! Tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana, mwalimu. Lakini kura moja—"

"Ukitoa mbuzi, mimi natoka mstarini. Siwezi kusimama nyuma ya mtu wa Ngoma."

"Mimi ni mtu wa Ngoma?"

"Mwenye mbuzi wa mkwe ni nani?"

Matonya akacheka hadi udongo ukampasuka kwenye paji la uso. "Msigombane, jamani. Mbuzi mwenyewe yuko wapi? Makundi yote yako malishoni mpaka jioni. Waliobaki askari wamewala tangu juzi. Methusela, utamfunua mama kwa panzi?"

Kwa mbali, upande wa mashariki, filimbi ikalia. Kutoka Mgundeko unaliona tangi la maji la stesheni ya Gulwe. Gari la moshi lilikuwa linakaribia, na likifika hunywa maji, halafu huondoka.

"Basi," alisema Akida, akisimama. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Anyesi hakuielewa bado. "Mama hana pa kusimama. Hesabu ni sawa kwa sawa. Na waliolingana—"

"Ngoja."

Sauti ilitoka katika mstari wa Ngoma. Sauti ya mwanamke.

Zipora akatoka. Alikuwa amekuja na mbuzi jike mwekundu, amemfunga kwenye mti wa uzio, ili akitoka hapa apitie Gulwe kumwuza kwa wapishi wa reli. Akamfungua. Akamvuta hadi mbele ya Methusela, akamtia kamba mkononi.

"Mpe mama yako," alisema.

Matonya akapiga fimbo yake chini. "Zipora! Una wazimu? Unawapa ushindi!"

"Nampa mkwe mbuzi."

"Wewe ni wetu!"

"Mimi ni wa Ngoma, Matonya. Nilikuja kwenu kwa sababu mlisema mnalinda desturi. Hii ndiyo desturi yenyewe, imesimama hapa juani miaka minne. Au mlikuwa mnalinda kitu kingine?"

"Baada ya uchaguzi tungemlazimisha!"

"Baada ya uchaguzi angekuwa kwenye reli." Zipora akarudi kwenye nafasi yake mstarini, akakunja mikono. "Bado nimesimama nyuma yako. Nihesabu. Lakini mbuzi ni wangu."

Chini ya kaniki, Anyesi aling'ata mdomo asilie. Miaka miwili bila salamu, na leo hii.

Methusela akaja, akimvuta mbuzi. Hata Ngoma waliokuwa wanakasirika walinyamaza, kwa sababu jambo hili walilijua na kuliheshimu. Akapiga goti. Akaweka kamba kwenye kiganja cha Anyesi.

Anyesi akalishika kaniki, akalivuta nyuma.

Mwanga ulimpiga machoni. Kwanza aliona udongo, kisha viatu vya akida, kisha uso. Kijana mwenye nyusi nene, kovu dogo kidevuni, macho yanayotazama upande. Basi huyu ndiye aliyelala nyumbani kwa mwanangu siku zote hizi, aliwaza.

"Shikamoo, mama," alisema Methusela.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

Hayo tu. Miaka minne ikaisha kwa maneno hayo. Akina mama wakapiga vigelegele, wa Kengele na wa Ngoma pamoja, kabla hawajakumbuka kuwa hawapaswi.

Anyesi akapiga hatua zake kumi, akasimama mbele kabisa ya mstari, karibu na Methusela na karibu na meza.

"Arobaini na mbili!" Kengele walipiga kelele. "Arobaini na mbili! Tumeshinda!"

"Arobaini na moja," alisema Bartolomayo.

Alikuwa ametoka. Alisimama pale pale katikati, mahali alipokuwa Anyesi dakika chache zilizopita, mikono nyuma, kidevu juu.

"Mwalimu, rudi!" Methusela alimsihi. "Rudi, nakuomba! Nitatubu mbele ya watu wote, lakini rudi!"

"Nilisema nitatoka. Mimi ni mtu wa neno langu."

"Basi njoo kwetu!" Matonya akamwita, akiona mlango umefunguka tena. "Njoo, mwalimu, hata kama hutupendi!"

"Kwenu? Kamwe."

"Arobaini na moja kwa arobaini na moja," Akida Abbasi alisema polepole, kama mtu anayeonja asali. "Na mmoja hana pa kwenda. Mmelingana tena. Waliolingana hawana jumbe, na boma haliwezi kulala bila jumbe. Nitaandika mimi."

Akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa koti. Akaikunjua mezani. Akaweka chupa ya wino juu ya pembe yake ili upepo usiichukue, akashika kalamu, akainama, mkono ukaanza kwenda.

Anyesi alitazama. Kama angekuwa bado chini ya kaniki asingeona kitu. Lakini sasa uso wake ulikuwa wazi, na alikuwa hatua mbili kutoka mezani.

Kizibo cha chupa ya wino hakikuwa kimefunguliwa.

Kalamu ilikuwa inakwenda kavu. Na chini ya kalamu kavu, karatasi ilikuwa imejaa maandishi. Yalikuwa hapo tangu zamani. Mkunjo wa karatasi ulikuwa umeshaanza kuyafuta.

Miezi sita Anyesi alikuwa amekaa kwenye darasa la jioni na kipande cha ubao magotini, mikono ikinuka unga, akiwa mkubwa kuliko wote. Alisoma polepole. Alihitaji kutembeza midomo. Akaanza kuitembeza.

Akida akamwona. "Anasali," akamwambia askari Athuman, akicheka. "Sali, mama, sali."

Kweli alikuwa anasali pia. Bwana, nisiruke hata herufi moja. Ju. Mbe. Jumbe. Jumbe wa Mgu-nde-ko.

Halafu neno refu. Moyo wake ukasimama, maana neno hilo hakuhitaji kulisoma kwa vipande. Alilijua kuliko jina lake mwenyewe.

Akashuka chini. Wa-na-u-me wa re-li. Ishirini. Jina la kwanza. Jina la pili.

"Bwana Akida," alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Unaandika kwa kalamu isiyo na wino."

Kalamu ikasimama.

"Karatasi hiyo iliandikwa nyumbani kwako kabla hatujasimama." Akageuka, akaitazama mistari yote miwili. "Sikilizeni! Imeandikwa: Jumbe wa Mgundeko, Bartolomayo."

Mtu mmoja alicheka. Wengine hawakucheka. Vichwa themanini vikamgeukia mtu mwembamba aliyesimama peke yake katikati, mwenye kitambaa cheupe kipana kuliko vyote.

"Na chini yake wa reli," Anyesi aliendelea. "Wa kwanza, Methusela. Wa pili, Matonya."

Matonya akaangusha fimbo yake. "Mimi?"

"Wewe na yeye. Karatasi moja."

"Uongo!" Bartolomayo alikuja mbio, kola imepinda kwa mara ya kwanza. "Mama huyu hajui kusoma! Mimi ndiye mwalimu wake, jioni zote namfundisha mimi! Herufi zimemshinda! Hata jina la Mwokozi hajui kuliandika!"

"Ni kweli, mwalimu," alijibu Anyesi. "Jina la Mwokozi bado hatujalifikia. Siku ya kwanza uliandika jina lako ubaoni. Ukatuambia tulinakili, wiki mbili. Nimelinakili mara mia tatu. Nikilala naliona."

Kengele wakaanza kunong'ona. Nani alituzuia mbuzi? Nani alisimama kwenye mkutano? Nani ametoka mstarini hesabu ilipotupendelea? Mzee mmoja alifungua kitambaa chake cheupe, akakitazama kama kitu alichookota njiani.

"Mkamateni mwanamke huyu!" Akida akaamuru.

Athuman akapiga hatua. Zipora naye akapiga hatua, akasimama mbele ya Anyesi. Kisha mwanamume mwenye udongo mwekundu. Kisha mwenye kitambaa cheupe. Mistari ikavunjika, kilichobaki ni mduara wa watu, na askari wawili ndani yake. Athuman alimtazama bwana wake, akamtazama tena, bunduki ikashuka kidogo.

Filimbi ikalia tena, safari hii karibu. Gari la moshi lilikuwa limefika Gulwe.

Akida Abbasi hakuwa mjinga. Aliuona mduara, akahesabu bunduki zake mbili, akatabasamu.

"Mnamwamini mjane wa darasa la jioni?" alisema kwa upole. "Haya. Hapa kuna msomi wenu. Methusela, njoo. Wewe unasoma vizuri, misheni yote inajua. Soma karatasi hii kwa sauti. Ukisema mama yako amesoma kweli, nitaichana mbele yenu, na boma litaamua. Ukisema amekosea, mama anakwenda na mimi bomani kwa kuwachochea watu."

"Asome!" watu walipaza sauti. "Soma, Methusela!"

Methusela akaja mezani. Akanyoosha mikono kuipokea karatasi. Na Akida, akimpa, aliinama karibu na sikio lake. Kijiji hakikusikia. Anyesi peke yake alisikia, kwa kuwa alikuwa karibu kuliko alivyopata kuwa karibu na mkwe wake maishani.

"Sasa wino nitaufungua," Akida alinong'ona. "Kufuta jina moja la reli na jina moja la ujumbe ni kazi ya dakika moja. Jumbe Methusela. Loisi atajifungua akiwa na mumewe. Soma vizuri, mkatekista."

Methusela akainua macho. Hakuitazama karatasi. Alimtazama mama mkwe wake.

Anyesi akamtazama naye, akitafuta. Aliona nyusi nene. Aliona kovu la kidevu. Aliona midomo inalowanishwa kwa ulimi. Angekuwa ni Loisi, angejua kabla neno halijatoka. Angekuwa ni Zipora, angejua. Lakini uso huu aliupata leo tu, kwa mbuzi wa watu, na hakujua bado mtu huyu akiwa mkweli anafananaje, wala akiwa mwongo anafananaje.

Aliikaza kamba ya mbuzi kiganjani.

Methusela akashusha macho kwenye karatasi, akakohoa, na akaanza kusoma.